Kuhusu riwaya yako ya Mchaga na binti wa Unguja

Ndugu yangu, umesema wasomaji wako wa kwanza walinuna badala ya kucheka, ukauliza urekebishe wapi. Tatizo naliona: umeandika Mchaga anapenda hela, Mzanzibari anapenda kulala. Huo ni utani wa kijiweni, hauna mtu ndani yake.

Chukua isale, jani la heshima kwa Wachaga. Kwao Moshi, jani hilo likifungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea, ni ombi zito la msamaha. Kulikataa ni jambo kubwa. Sasa kijana wako amemuudhi baba mkwe, anatuma isale kupitia mshenga. Mama wa binti anaona jani tu, analifagia pamoja na maganda ya muhogo. Kesho yake kijana analikuta jaani, fundo bado limekaza. Hapo nitacheka, na roho itaniuma.

Dini usiipitishe juu juu. Kijana Mkristo kumwoa binti wa Kiislamu ni jambo la kuvunja nyumba, litaelemea hadithi nyepesi. Mfanye Mwislamu wa Machame, huko huko Uchagani, wapo. Mbege, pombe yao ya ndizi, iache nyumbani, lakini mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, apike yeye mwenyewe, na mama mkwe auonje akiwa amesimama.