Mtoto amepatikana na kifua kikuu wadini: tuanze na nani?

Swali: Mimi ni muuguzi katika wadi ya watoto jijini Nairobi. Mtoto wa miaka 2, aliyelazwa kwa nimonia, amepatikana na kifua kikuu wiki moja baadaye. Wazazi wa vitanda vya jirani wana wasiwasi, ilhali daktari anataka kwanza apimwe nyanya anayemlinda. Je, hatupotezi muda?

Jibu: Ndugu muuguzi, hampotezi muda. Mtoto wa umri huo huwa na bakteria wachache mapafuni na kikohozi chake hakina nguvu ya kuwatawanya, kwa hiyo ni nadra amwambukize mwenzake wa kitanda cha pili. Yeye mwenyewe kwa kawaida huambukizwa na mtu mzima, mara nyingi wa nyumbani kwao, na huenda mtu huyo ndiye aliyeketi wadini wiki nzima, akikohoa huku akiwapakatia akina mama wengine watoto wao wanapokwenda kuoga. Nyanya apigwe picha ya kifua na makohozi yake yapimwe leo, asisubiri mjukuu aruhusiwe kwenda nyumbani.

Akipatikana na kifua kikuu, orodha ya waliotangamana itabadilika kabisa. Hesabuni saa ambazo watu walikaa naye chumba kimoja, kwa sababu bakteria huelea hewani kwa saa kadhaa pasipo upepo. Vikombe na shuka haviambukizi. Waandikeni pia walezi, wafanyakazi na watoto waliokwisha kuruhusiwa, pamoja na nambari za simu, maana hao ndio hupotea kwanza: mama wa Kayole ukimpigia baada ya mwezi, huenda amehama na laini haipatikani.

Kinachokosewa sana ni kipimo cha ngozi. Mwili huchukua kati ya wiki 2 na 8 kuonyesha maambukizi, hivyo jibu hasi la wiki hii halimtoi mtoto hatarini. Walio chini ya miaka 5, na wenye VVU wa umri wowote, msiwasubirishe: wachunguzwe, na wasipokuwa na ugonjwa waanzishiwe dawa za kinga, mara nyingi rifampisini na isoniazidi kwa miezi 3. Anayetumia ARV achaguliwe dawa kwa uangalifu, kwa kuwa rifampisini hugongana na baadhi yazo. Kovu la chanjo ya BCG mkononi lisiwafanye mumwondoe mtoto orodhani. Chanjo hiyo hupunguza hasa kifua kikuu kikali, kama kile cha ubongo.

Kuhusu madirisha, najua Julai hufungwa tangu jioni, na mengine yameganda kwa rangi. Fundi ayafungue, watoto waongezewe blanketi, na nyanya avae barakoa mpaka majibu yatoke, huku mlezi mwingine asiye na kikohozi akishika zamu.