Bima ya vyombo vya ndani: usipunguze thamani ili ulipe ada ndogo

SWALI: Nimepanga nyumba Tabata, Dar es Salaam. Wakala wa bima aliponiuliza thamani ya vitu vyangu nikataja shilingi milioni 10 ili ada iwe ndogo, ingawa vinafika milioni 20. Mwenye nyumba naye anasema ana bima tayari. Je, nahitaji yangu?

JIBU: Unaihitaji. Bima ya mwenye nyumba ni ya jengo: kuta, paa, milango. Kochi, friji na nguo zako hazimo.

Ila hiyo milioni 10 irekebishe kabla hujalipa. Ukitaja nusu ya thamani, hata hasara ndogo hulipwa nusu. Tuseme moto umeanzia jikoni ukateketeza vitu vya milioni 4. Kampuni itagawa 10 kwa 20, ambayo ni nusu, hivyo upate milioni 2, na hapo bado haijakata ile sehemu ya hasara ambayo mkataba unakutaka ubebe mwenyewe. Wengi hudhani kwa kuwa milioni 4 haijavuka 10 watalipwa yote, na ugomvi mwingi wa madai huanzia hapo.

Muulize wakala kama fidia ni bei ya kitu kipya au ya kilichochakaa, maana ndiyo inayoamua thamani ya kuandika. Kisha pita chumba kwa chumba, ufungue hadi makabati. Mapazia, sufuria na nguo ndivyo husahaulika, na vikijumlishwa ni fedha nyingi. Piga picha ile namba iliyo nyuma ya TV, na risiti jitumie kwa barua pepe zisije zikaungua pamoja na nyumba.

Kipengele cha wizi kisome taratibu. Mikataba mingi hudai alama za kuvunja: komeo lililong'olewa, nondo zilizokatwa. Mlango ukiachwa wazi, mara nyingi hulipwi. Ukiibiwa, nenda polisi mara moja ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni.

Kwa kuwa Tabata imepakana na bonde la Msimbazi, hakikisha neno mafuriko limeandikwa kwenye mkataba. Ahadi ya mdomo haitakusaidia. Friji iliyoungua kwa umeme kupanda ghafla na kompyuta unayotembea nayo, kila moja inahitaji kipengele chake cha nyongeza kwenye mkataba.

Ukikataliwa fidia, dai sababu kwa maandishi. Usiporidhika, peleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.