Mafuta ya zeituni hayakuganda kwenye friji: ni feki?

Dada, umeuliza kama mafuta ya zeituni uliyonunua Kariakoo ni feki kwa sababu hayakuganda kwenye friji, na kama yanafaa kumpaka mtoto mwenye pumu ya ngozi.

Friji haithibitishi kitu. Mengine halisi huchelewa kuganda, na yaliyochanganywa huweza kuganda. Soma lebo: ekstra vajini (extra virgin, yaani daraja la juu kabisa) hukamuliwa bila kemikali na asidi yake haizidi 0.8%. Yaliyoandikwa pomasi (pomace) hutolewa kwenye makapi ya zeituni kwa kemikali, kisha husafishwa. Si sumu, ila usikubali kuuziwa kwa bei ya ekstra vajini. Yaonje pia. Mazuri yana uchungu kidogo na huwasha koo. Yakinuka kama karanga zilizokaa sana, yameharibika. Kwa joto la Dar, chagua chupa ya rangi nzito, iweke kabatini mbali na jiko, na ukishafungua yamalize ndani ya miezi 2 au 3. Kukaangia vitunguu yanafaa kabisa, ila yakianza kutoa moshi punguza moto.

Mtoto usimpake, tafadhali. Asidi ya oleiki iliyomo hudhoofisha kinga ya ngozi na tatizo linaweza kuzidi. Mpeleke kwa daktari wa ngozi, na haraka zaidi vidonda vikitoa maji au akipata homa.