Anti, nisome Kiwelisi au Kiingereza kinatosha?

SWALI: Shikamoo anti. Mi nesi, kwetu Tanga ila sasa hivi niko hospitali moja kaskazini ya Wales, mwaka wa pili huu. Wodini tuna bibi mmoja ana ugonjwa wa kusahau, Kiingereza kimeshamtoka anaongea Kiwelisi tu. Juzi usiku alikuwa ananishika mkono anasema "poen, poen", mi nikamletea maji, nikamletea blanketi, kumbe anaumwa, nimekuja kuambiwa asubuhi. Nililia njia nzima. Kuna kozi wametangaza kazini ila wenzangu wanasema napoteza muda. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kasome.

Hao wenzako wajue kwamba tangu sheria ya 2011 Kiwelisi ni lugha rasmi huko, na taasisi za umma zina viwango vya kufuata, na kimojawapo kinawataka waajiri watoe nafasi ya kusoma misingi ya lugha ndani ya saa za kazi, kwa hiyo ukiomba muda hujaomba fadhila. Halafu kwenye afya kuna utaratibu wa kwamba mgonjwa asisubiri kuomba lugha yake, mhudumu ndo aanze kumpa. Na ni haki kabisa, si unawajua bibi zetu, yuko hoi kitandani ukimuuliza hujambo anakujibu sijambo, sasa huyo ndo aombe mkalimani saa nane usiku?

Kozi zenyewe, Kituo cha Taifa cha Kujifunza Kiwelisi kina mpango wa wafanyakazi unaitwa Cymraeg Gwaith, zipo hadi za mtandaoni unasoma mwenyewe. Na usiogope matamshi, we mtu wa pwani una bahati, ile dd yao ni dh ya dhahabu, ch ni kh ya kheri, na mkazo karibu kila neno uko silabi ya pili toka mwisho kama sisi. Kitakachokusumbua ni ll, na maneno kubadilika mwanzoni, ila kama ulimi unakuwa ndimi na hujawahi kushangaa, hata hilo utalizoea.

Lakini mzigo usiubebe peke yako. Mwambie incharge wenu ratiba ya shifti ionyeshe usiku ule nani anaongea Kiwelisi, maana kozi ya miezi haimsaidii bibi wa leo. Na wanaoongea wanavaa beji ya rangi ya machungwa, waangalie vizuri, hao ndo wa kukimbilia.

We ukiingia zamu leo anza na hili tu: "Oes gynnoch chi boen?", yaani una maumivu? Umeona poen imegeuka boen, ndo kule kubadilika nilikokwambia. Akiitikia muulize "Lle mae'r boen?", yanauma wapi, halafu kaa hapo pembeni yake umwache akuonyeshe kwa mkono.