Kukesha na muguka si kusoma

Mzazi akinijia kulalamika kwamba kijana wake wa kidato cha tatu anasoma mpaka saa nane za usiku na bado anashika mkia, siulizi vitabu. Nauliza anakula nini usiku. Nafundisha tuisheni ya jioni hapa Malindi, na kijana anayetafuna muguka, ile aina ya miraa, hujulikana kwenye sahani: wali haugusi, ila mfukoni hakosi jojo na njugu.

Wenyewe watakwambia muguka unafungua kichwa. Kwa saa chache unawachangamsha kweli. Majani yale yana kathinoni, kichangamshi kilicho jamaa ya karibu ya dawa iitwayo amfetamini, inayomwaga ubongoni dopamini, kemikali ya raha na hamasa. (Majani yakinyauka kathinoni hupungua, ndiyo maana magari yanayoyaleta kutoka Embu hayajui matuta.) Lakini kuchangamka si kukumbuka. Tazama daftari la usiku wa kutafuna: kurasa zimejaa, mistari imepigwa kwa kalamu za rangi tatu, sentensi ileile imeandikwa mara mbili na mwenyewe hana habari. Asubuhi muulize sheria ya Ohm, atakutumbulia macho. Yaliyosomwa hukaa sawasawa kichwani mtu akilala, na kijana wa umri huo anahitaji saa 8 hadi 10. Tena sehemu ya mbele ya ubongo, inayoshika umakini na kujizuia, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20.

Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo visikuhadae kwa kuwa vinauzwa dukani wazi. Geuza kopo usome. La nusu lita lenye miligramu 32 za kafeini kwa kila mililita 100 lina 160, ilhali wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya wanamwekea kijana wa kilo 50 kama 150 kwa siku nzima.

Serikali msiingoje. Mei 2024 kaunti yetu ya Kilifi ilipiga muguka marufuku, na haikuchukua muda Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha amri hiyo.

Ninachowashauri wazazi ni kuanza na usingizi kabla ya kupekua mifuko. Baada ya Isha asome mpaka saa nne, simu ibaki kwa mama, alale. Aliyobakisha ayarudie alfajiri. Kama ameshazoea kutafuna, asiachishwe wiki ya mtihani, kwa sababu siku za mwanzo atakuwa mzito, mwenye hasira, analala ovyo na kuota ndoto mbaya. Watu huuita huo uvivu, wakamtukana, naye akarudi maskani kwa wenzake wanaomwelewa. Mwambieni mapema kwamba hali hiyo hupita, na mwalimu wa darasa naye ajue.

Ila akiwa ameanza kumeza tembe ili apate usingizi baada ya kutafuna, hapo tuisheni yangu haina kazi. Mpeleke hospitali, na umtajie daktari kila anachotumia, hata kama mjomba wake amekaa hapo anasikia.