Mbeleko ya mtoto aliyeanza kutembea: maswali yenu

Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu, kilo 11. Mbeleko yangu ya mikanda imeandikwa inabeba hadi kilo 15, lakini nikimbeba nusu saa tu mabega yanawaka moto. Ninunue nyingine?

Kabla hujatoa pesa, ifunge upya. Hizo kilo 15 zinakueleza kitambaa na mishono inahimili nini. Kuhusu starehe yako hazisemi lolote. Mabega yakiuma, mara nyingi mkanda wa kiunoni haufanyi kazi yake: umekaa juu tumboni au umelegea, na uzito wote unaning'inia begani. Ushushe ukae juu ya mifupa ya nyonga, ukaze sawasawa kabla hujampandisha mtoto, ndipo ushughulike na ya mabegani. Ukishamaliza, ingiza vidole viwili chini ya mkanda wa begani. Vikipita bila kung'ang'ania, uzito umeshuka ulikotakiwa.

Sasa mwangalie mtoto mwenyewe. Kitambaa anachokalia kinapaswa kutoka nyuma ya goti moja hadi nyuma ya goti la pili, magoti yakiwa juu kidogo kuliko makalio, miguu ikitengeneza herufi M. Kwa mtoto mchanga tunalisisitiza hili kwa ajili ya ukuaji wa nyonga, hasa miezi sita ya mwanzo. Kwa huyu wako suala kubwa ni raha. Mapaja yasiposhikiliwa, kitambaa kinamkata kinenani, naye anaanza kujinyonganyonga na kurusha mateke, halafu watu wazima wanasema ana fujo.

Kitambaa kikiishia katikati ya paja, basi mbeleko imemwia ndogo, hata kama hajafika kilo 15. Hapo tafuta ya saizi ya watoto wakubwa, ambayo huwa pana zaidi na ndefu zaidi mgongoni. Usichague kwa umri ulioandikwa kwenye boksi. Mketishe akiwa ametanua miguu, chukua tepu ya fundi cherehani, pima kutoka nyuma ya goti, ipite chini ya makalio, hadi nyuma ya goti la pili. Nenda dukani na kipimo hicho.

Nimbebe mbele au mgongoni?

Mgongoni. Mtoto mkubwa akiwa mbele anakuziba usione unapokanyaga, na uzito wake unakufanya uegemee nyuma mpaka kiuno kinalalamika. Ukimweleka, apande juu kiasi cha kuchungulia kwa juu ya bega lako. Anayening'inia chini kwenye makalio anakuvuta nyuma kila hatua. Siku za mwanzo jifunzie kando ya kitanda, mtu mwingine akiwa nyuma yako, mpaka mikono izoee.

Hizi zenye kiti kigumu cha kufunga kiunoni, zina faida?

Kwa mtoto wa "nibebe, nishushe, nibebe" zinafaa kweli, maana anapanda na kushuka bila kufungua chochote. Lakini isiyokuwa na mikanda ya mabegani inakutaka umshikilie kwa mkono muda wote, na uzito unalalia upande mmoja. Kwa mwendo mrefu mimi nisingeichagua. Na kile kiti kigumu, mtu akiinama kidogo tu kinamchoma tumboni.

Mimi ni mrefu na mwenye mwili, mke wangu ni mdogo. Moja itatutosha?

Inaweza, ila mjaribu wote wawili, na mtoto akiwa ndani. Mkeo akaze mikanda hadi mwisho: kama bado inalegea, hiyo si yake. Wewe legeza yote uone kama mkanda wa kiunoni unafunga na unabakiza nafasi. Kile kimkanda kinachounganisha mikanda miwili ya mabegani nacho kiwe kinapanda na kushuka. Kikikaa shingoni kinakera vibaya. Mkishapata vipimo vyenu, kila mmoja ashone uzi wa rangi yake mahali anapoishia kukaza. Mtapunguza ugomvi wa mlangoni.

Akilala, kichwa kinaanguka nyuma.

Kitambaa cha mgongoni ni kifupi kwake. Akiwa macho kikifika kwapani kinatosha, lakini mtoto anayelala anahitaji kishike mpaka shingoni, au mbeleko iwe na kofia ya kufunga. Hakikisha kidevu hakijabana kifuani na uso haujafunikwa. Ukiwa umemweleka humwoni, basi tumia kamera ya mbele ya simu. Hapo kweli imepata kazi ya maana.

Nina mimba ya miezi mitano na mkubwa bado anataka mgongo.

Muulize kwanza mkunga au daktari anayekufuatilia, maana kila mimba na hali yake. Akikuruhusu, mweleke mgongoni, usikaze kitu juu ya tumbo. Wengine huona nafuu mkanda ukikaa chini ya tumbo, wengine hutumia kitambaa kirefu kinachofungwa kifuani bila kugusa tumbo kabisa. Ukipata maumivu au ukiona damu, mshushe na umwone mkunga siku hiyohiyo.

Nimepata iliyotumika, ya bei nafuu. Nichukue?

Chukua kama imepita ukaguzi. Vuta kwa nguvu pale mikanda ilipoungana na kitambaa: uzi ukifunguka au ukiona matundu ya sindano yanatanuka, iache. Funga kila klipu usikie inalia "ta!", kisha ivute. Plastiki yenye ufa usiichukue hata ukipewa bure, na mkanda uliokatika usiupeleke kwa fundi wa kawaida.

Naweza kumbeba hivyo kwenye baiskeli au gari?

Hapana, kote kuwili. Mbeleko haimkingi mtoto kwenye ajali.

Wangu ana miaka miwili na nusu. Hakai hata dakika kumi, anataka kutembea.

Mwache atembee. Kwa mtoto kama huyo usinunue yenye sponji nene; tafuta nyepesi inayokunjika ikaingia kwenye mkoba, maana utaihitaji wakati wa kurudi tu, akishachoka.