Kabla ya kutibu mishipa iliyovimba mguuni, pimwa ukiwa umesimama

Kosa langu lilikuwa kutibu kile nilichokiona. Mishipa ilikuwa imejisokota nyuma ya goti la kushoto, jioni mguu mzito, usiku kigimbi kinabana hadi naamka. Nikachomwa sindano za povu, dawa inayofunga mshipa, kwenye mishipa ile iliyotokeza, nikarudi nyumbani najipongeza. Mwaka haukuisha, ikarudi palepale.

Daktari wa pili hakushika sindano. Alinisimamisha juu ya kistuli, akanipaka jeli, akaweka kifaa cha altrasaundi kwenye kinena, kisha akaniminya kigimbi na kuachia. Damu ikapanda, halafu ikateremka tena, na mashine ikatoa mvumo mrefu. Vali, vile vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma, za mshipa mrefu unaotoka kifundoni hadi kinena zilikuwa hazifungi. Damu iliyopaswa kupanda kwenda moyoni ilikuwa inarudi chini na kurundikana. Ile ya gotini ilikuwa dalili tu. Nilikuwa nachota maji kwenye mtumbwi, tundu sijaliziba.

Kwa hiyo mtu akitaka kukuchoma sindano au kukufanyia leza bila kipimo hicho, na wewe umesimama, muulize kwa nini. Asipokuwa na jibu, tafuta mwingine.

Tiba yenyewe ni nyepesi kuliko nilivyoogopa. Hakuna nusukaputi. Katheta, yaani mrija mwembamba, iliingia kwa tundu la sindano karibu na goti, ikasukumwa hadi chini kidogo ya kinena. Kilichouma ni sindano za ganzi kufuata paja lote, na hilo hakuna aliyenionya! Maji yale ya ganzi ndiyo yanayokinga ngozi na neva zisiungue. Kisha mawimbi ya redio yakapasha mshipa joto la nyuzi 120, kipande kwa kipande, sekunde 20 kila kimoja, ili ujifunge. Leza nayo huufunga kwa joto. Nikatoka kwa miguu yangu. Na damu je, itapita wapi? Mishipa ya ndani ndiyo inayobeba sehemu kubwa tangu mwanzo.

Povu silidharau. Mwongozo wa mwaka 2013 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaanza na tiba ya joto, povu linafuata, upasuaji wa kung'oa mshipa ndio wa mwisho.

Baadaye nilivaa soksi ya kubana na kutembea kila siku. Siku ya tano nikahisi kamba ngumu inavuta ndani ya paja, nikababaika bure: ni mshipa uliofungwa unasinyaa. Lakini mguu ukivimba na kuuma ghafla, au pumzi ikakubana, kimbilia hospitali; huenda damu imeganda. Safari ndefu ya ndege nayo, muulize daktari kwanza.

Kifundoni bado nina vijishipa vya zambarau, vyembamba kama uzi. Haviumi. Nimeviacha.